Sikio la Bibi Limekwenda Wapi?

Mliokuwa kwenye mahafali yale ya shule huku Ushetu mliona, katika igizo la wanafunzi, kisu kikishuka. Mgongo wa Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu, ukapasuka, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja: wanaume, watoto, baba yake Masala Kulangwa, kijana mwenye kisu, na nyuma yao binti mmoja aliyevishwa kama kikongwe, mkongojo mkononi. Binti akacheza ngoma na wenzake, masikio yake yote mawili mazima. Vigelegele vikapigwa, kiti kikaletwa, Masala akakalishwa, mgeni rasmi akapiga makofi. Mzee niliyekaa naye benchi moja akanigeukia, akashika sikio lake la kulia kwa vidole viwili, akauliza, "Na hili je?"

Hapo ndipo igizo lilipoharibika, na sioni sababu ya kusubiri mwisho wa safu kulisema.

Hadithi hii ya Kisukuma mnaijua tangu utotoni, kwa hiyo nashika kiungo kimoja tu. Masala anapompasua zimwi ili watu watoke, kisu kinamkata bibi mmoja sikio. Bibi hashukuru kwamba ametolewa tumboni. Anakasirika, anamtukana kijana, anajaribu kumroga. Marafiki wa Masala wanamlinda, uchawi haumpati. Kisha Masala anatafuta dawa, anamponya bibi. Baada ya hapo, narudia, baada ya hapo, watu wanamtawaza kuwa mtemi. Angalieni mfuatano wa matukio: kuua, kukosea, kutukanwa, kuponya, kiti. Igizo letu liliruka kutoka la kwanza hadi la tano kana kwamba katikati hapana kitu.

Kwa lugha ya msuko, kilele cha hadithi hii si kifo cha zimwi. Kuua zimwi kunaonyesha kwamba kijana ana nguvu, na nguvu zake tumeshazishuhudia zikikua. Swali ambalo hadithi imelibakiza ni kama anafaa kutawala, na swali hilo linajibiwa na sikio. Wazee husema neno mtemi limetokana na kutema, yaani kukata: kukata pori, kukata mashauri. Huyu amekata, na amekata vibaya. Watu wote waliotoka tumboni wamesimama wanatazama atamfanya nini mwanamke mmoja mzee, mwenye hasira, asiye na kitu cha kumpa. Ukiondoa jibu lake, unabaki na kijana hodari aliyepewa kiti kwa sababu ana kisu.

Baada ya sherehe nilimfuata mwalimu aliyeongoza igizo. Alinipokea vizuri, akanipa shikamoo, na nilipomuuliza habari za sikio alijibu bila kusita: "Mzee wangu, shujaa hawezi kumuumiza mtu aliyekuja kumwokoa. Ingechafua mwisho." Akanionyesha karatasi ya hatua 12 za safari ya shujaa aliyoigawa kwa wanafunzi. Sikio halikuwemo.

Sasa tuihukumu kazi yake kwa karatasi yake mwenyewe. Joseph Campbell, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake mwaka 1949, alihesabu hatua 17, na 6 kati ya hizo ni za kurudi. Christopher Vogler, mtu wa sinema za Hollywood, alizipunguza zikawa 12, na kurudi kukabakiwa na 3. Hata baada ya upungufu huo, hatua ya mwisho kabisa ya Vogler ni shujaa kurudi na dawa. Dawa! Kwa Wamarekani hilo mara nyingi ni fumbo: dawa inaweza kuwa hekima, mapenzi au hazina. Masimulizi ya Kisukuma yana dawa yenyewe, ya kupakwa kwenye jeraha lenyewe. Mwalimu alikuwa na hatua ya 12 mkononi, imekamilika kuliko mfano wowote wa kigeni, akaifuta kwa kudhani inapingana na karatasi.

Na huku kwetu kosa hilo ni zito kuliko lingekuwa kwingine. Mkoa wa Shinyanga umezika vikongwe wengi waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na wako waliotiwa hatiani na macho mekundu tu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni miaka nenda rudi. Hadithi hii inamchukua bibi ambaye kweli amejaribu kuroga, mbele ya umati wenye nguvu za kummaliza, halafu shujaa anamtafutia dawa. Waliotuachia kisa hiki walijua wanasimulia wapi. Vijana mia kadhaa walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakitazama, na kipande kilichowahusu kuliko vyote kikakatwa ili mwisho uwe safi.

Hata mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz wa Maryknoll, waliomsoma Masala kama mfano wa Kristo, hawakuliondoa sikio katika hadithi waliyoiandika. Wao ndio wangekuwa na sababu ya kutaka mwokozi asiye na doa. Waliliacha.

Nina ugomvi wa siku nyingi na miongozo ya fasihi ya shuleni, na sitauacha leo. Tumewafundisha watoto kwamba mhusika mkuu ni shujaa, na shujaa ni mwema, kisha tukawapa jedwali wajaze dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo. Mtoto aliyelelewa na jedwali hilo akikutana na Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, anayekataa mwishoni kutamka kwamba maji aliyowapa wapiganaji yalikuwa uongo, anatafuta mahali pa kumwandika na hapaoni. Mhusika duara, yaani mwenye sura zaidi ya moja, anatajwa darasani kila mwaka, anaulizwa kwenye mtihani, halafu tukienda jukwaani tunamfanya bapa kwa mikono yetu.

Watunzi wa zamani hawakuwa na woga huo. Fumo Liyongo, katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, anauawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya kitovuni, na siri ya sindano hiyo ameitoa yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Udhaifu wa shujaa ndio unaobeba kisa. Na tazameni ukaribu wa hadithi hizi mbili: mama yake Masala aliponea kwenye makapi zimwi lilipomeza watu, na tupa iliyomtoa Liyongo gerezani ilipita ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi waliudharau. Pwani na bara, fanani walikubaliana kwamba wokovu hupita kwenye kitu kinachotupwa. Bibi wa sikio ni makapi ya mwisho katika hadithi ya Masala. Hadithi inafungwa pale ilipofunguliwa.

Igizo lilikuwa na mazuri yake pia. Panzi, ndege na paa ambao Masala anawaua akidhani ni zimwi, na mama akimsahihisha kila mara, waliigizwa vizuri. Zimwi la magunia ya kufungia tumbaku lilitisha kweli.

Lakini kimya hakikuwepo. Tuliokua na sauti ya Debora Mwenda katika kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania tunajua kimya kinavyofanya kazi: fanani anasimama, mtoto anashika pumzi, anajua jambo limeharibika kabla hajaambiwa. Ngoma za mahafali zilianza zimwi likiwa bado linatikisika.

Binti aliyecheza bibi nilimkuta akikunja kitenge. Nikamuuliza kama anajua habari za sikio. Alijua, aliisikia kwa bibi yake, na akatoa mfukoni kipande cha kitambaa chekundu. Onyesho la sikio walikuwa wamelifanyia mazoezi majuma mawili, kisha likaondolewa.

Kwa hiyo kazi ya kulirudisha ni ndogo. Ngoma zinyamaze kisu kinapopasua. Bibi atoke wa mwisho, ashike sikio, na apewe nafasi ya kutukana mpaka watazamaji waone aibu. Masala akiweke kisu chini kabla hajamsogelea. Aondoke jukwaani kutafuta dawa, na umati usimame ukingoja, muda mrefu kuliko mwalimu anavyodhani unavumilika. Kiti kisiingie uwanjani kabla bibi hajafungwa jeraha.