Kidole Gumba Hakipumziki

Kabla ya kupiga chochote, mpiga gita aliomba kreti ya soda. Akaipindua juu ya saruji ya baraza, akaivuta hadi chini ya kiatu cha kulia, akaigonga kwa kisigino, akaisogeza kidogo, akaigonga tena, mpaka ikatoa mlio alioutaka. Tulikuwa watu arobaini hivi katika ua wa nyumba moja huko Njoro, siku ya ruracio, sherehe ya mahari, chakula kimeliwa na wazee wamekwisha kukubaliana. Hakukuwa na spika, wala ile mashine ya ngoma ambayo wapiga gita wa baa za Nakuru huiwasha na kuiacha ijiendeshe. Kulikuwa na gita moja la mbao, kapo, na hiyo kreti.

Nimewafuata wapiga gita hawa kwa miaka mingi, na nimejifunza kutafuta kiti upande wa mkono wao wa kulia. Wengi hutazama wa kushoto, ule unaokimbia shingoni mwa gita, kwa sababu ndio unaoonekana kufanya kazi. Lakini mugithi, muziki wanaoupiga, unakaa kwenye kidole gumba cha kulia. Gumba linashika nyuzi nene na kutembeza besi, huku vidole vingine vikichezea nyuzi nyembamba, vikiijibu sauti ya mwimbaji. Vidole vinaweza kunyamaza. Mwimbaji anaweza kukohoa, kucheka, kumtaja baba mkwe kwa sifa ili noti itoke mfukoni. Gumba halina ruhusa hiyo.

Mugithi ni garimoshi kwa Kikikuyu, na jina limetukaa vizuri sisi ambao mji wetu ulizaliwa na reli, iliyofika Nakuru mwaka 1900. Mgeni akiona wachezaji wameshikana mabega wanazunguka ukumbi, hudhani garimoshi ndilo hilo. Kwangu mimi garimoshi ni nyimbo zenyewe. Wimbo wa Joseph Kamaru unafungwa nyuma ya wa Daniel Kamau, nyuma yake wimbo wa kanisani, nyuma yake wa mapenzi, hadi saa nzima ipite pasipo kimya cha kutosha kumeza mate. Kuimba vizuri wimbo wa mwenzako, wanaoweza ni wengi. Ugumu uko pale behewa linapofungwa na behewa, watu wakiendelea kucheza bila kujua ni wakati gani walihama.

Mara ya kwanza niliyomwona akifunga behewa siku hiyo ni alipotaka kupandisha sauti. Kapo yake ni ya springi, inabana shingo ya gita kama kibanio cha nguo. Kuihamisha kunataka mkono mzima wa kushoto, maana yake nyuzi zote zinaachwa bila mshikaji. Alisubiri mwisho wa kiitikio, pale waimbaji wanapoivuta silabi ya mwisho. Akaibinya kapo, akaisogeza mbele, akaiachia. Muda huo wote gumba lilikuwa linapiga waya mtupu wa chini, pigo kwa pigo. Mama aliyekuwa mbele yangu akainua mikono, akapiga kigelegele. Alihisi tu kwamba jua limetoka.

Kwenye tamasha la uwanjani, Afraha kwa mfano, hutaona kitu kama hiki. Hata ukikiona, spika zitakuwa zimekimeza.

Wakwe walitoka upande wa Bomet. Walikaa pamoja chini ya hema, na soda zao, wakipiga makofi ya adabu. Mpiga gita aliwatazama kwa nyimbo mbili hivi. Halafu, katikati ya wimbo wa Kikikuyu, besi ikaanza kubadilika: gumba lilikwenda na mwendo ule ule lakini likawa linaangukia nyuzi nyingine, na mzee mmoja wa Bomet akainua kichwa kabla hatujasikia neno hata moja la Kikalenjin. Ulikuwa wimbo wa Raphael Kipchamba. Mzee aliujua kwa besi peke yake.

Hilo halitokei kwa bahati. Muziki wa benga ulitoka kwa Waluo, ukawafikia Wakikuyu na Wakalenjin, na kila watu wakauvisha nguo zao. Sahani nyingi za santuri za magharibi mwa nchi na Bonde la Ufa zilirekodiwa na Chandarana pale Kericho, mji mmoja na lugha nyingi mlangoni. Mpiga gita wa Nakuru amerithi kabati lote hilo na anatakiwa ajue kila droo iko wapi. Na Njoro ni mahali ambapo watu wa umri wangu wanazikumbuka ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008. Waliomfuata yule mzee alipoingia kwenye mstari, na kumshika mabega, walikuwa vijana wa Kikikuyu waliokuwa watoto wakati ule. Sijui kama walifikiria hilo. Mimi nililifikiria, na nilishukuru kwamba mtu mmoja alikuwa amekaa chini akajifunza droo ya jirani.

Gumba lenyewe lina ukoo mrefu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, na ukimsikiliza unaapa kwamba wako wawili. Wakenya walimsikia, wakamwona kwa macho Nairobi, na mikono ya wapiga gita wetu haikubaki ilivyokuwa.

Jua lilipokaribia kuzama, shosho wa bibi harusi alimwita. "Kijana wangu," alisema, ingawa kijana huyo ana mvi, "nipigie Jim Reeves."

"Sawa, shosho."

Mugithi aliokuwa akipiga ulikuwa wa mapigo manne. Wimbo aliotaka shosho huenda kwa matatu. Hapo wengi husimama, hunywa maji, hutoa shukrani kidogo, kisha huanza upya, na siwalaumu. Yeye aliondoa vidole kwenye nyuzi nyembamba, akabaki na gumba na kisigino. Ndipo nikasikia kwamba ndani ya kila pigo la kisigino gumba lilikuwa linagonga vipigo vidogo vitatu, na kwamba vilikuwepo tangu mwanzo, vimefunikwa na nyuzi za juu. Akavipunguzia mwendo kama dereva mwenye hekima anavyoteremsha lori Salgaa, kwa gia ndogo. Vipigo vikakua. Kisigino kikaanza kuangukia kile cha kwanza tu: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Wachezaji waliokuwa wakikimbizana wakajikuta wanayumba taratibu, mikono bado mabegani. Mstari haukukatika. Shosho alikuwa ameshaanza kuimba.

Giza lilipoingia, alilifuta gita waya mmoja mmoja kwa kitambaa. Kwa kitambaa hicho hicho akaipangusa kreti alama za kisigino, akaigeuza, akairudisha jikoni mwenyewe.