Mtunzi ni Nani? Suala la Umilikaji wa Kazi katika Nyimbo za Tokyo Jihen

Uhakiki wa nyimbo, sawa na uhakiki wa ushairi, umezoea kumtafuta mtunzi mmoja na kumtwika kazi nzima. Mazoea haya huzua utata pale ambapo kazi imetokana na wasanii kadhaa waliokwisha kujijengea jina kabla ya kukutana. Makala haya yanaichunguza bendi ya roki ya Tokyo Jihen ya Japani, iliyotoa wimbo wake wa kwanza mwezi wa Septemba 2004. Tunadai kuwa kuisoma bendi hii kama kivuli tu cha mwimbaji wake, Sheena Ringo, ni kuipotoa.

Chanzo cha kosa hili kinaeleweka. Ringo alianza kurekodi mwaka 1998, na kufikia 2003 alikuwa ametoa albamu 3 za nyimbo zake mwenyewe. Maandishi yake, yanayopenda tahajia ya kale ya Kijapani, hutambulika mara moja. Kameda Seiji, mpiga gitaa la besi, alikuwa mtayarishaji wa albamu zake za awali. Isitoshe, mpiga gitaa Hirama Mikio na mpiga kinanda H Zett M waliondoka mwaka 2005, nafasi zao zikachukuliwa na Ukigumo na Izawa Ichiyō. Msomaji aweza basi kuhitimisha kuwa wengine ni wapita njia na Ringo ndiye mwenye nyumba. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, nyimbo zenyewe zinaikanusha.

Tuutazame wimbo huo wa kwanza, Gunjō Biyori. Maneno ni ya Ringo, lakini muziki ni wa H Zett M. Anwani yaahidi hali ya hewa ya buluu iliyokoza, ilhali maneno yanaanza na mvua kubwa mtaani Shinjuku. Kinaya hiki hakikamiliki katika maandishi peke yake. Ni mwendo wa muziki, wenye kasi na uchangamfu, unaoipa huzuni ya nafsineni sura ya sherehe. Mshairi hapa analazimika kuishi ndani ya nyumba iliyojengwa na mwingine, na kubanwa huko ndiko kunakomnoa.

Katika albamu ya Goraku (2007), yaani burudani, mkondo huu unafikishwa mbali zaidi: Ringo hakutunga muziki wa wimbo hata mmoja, akaendelea kuandika maneno na kuimba. Mtunzi aliyesifika kwa muziki wake alijinyima kwa hiari kile kilichomjengea sifa. Tusiuite unyenyekevu huo. Ni uamuzi wa kifani.

Hata hivyo, si kila ushirikiano unazaa umoja. Color Bars (Januari 2012) ina nyimbo 5, kila mwanabendi akitunga mmoja. Kwa maoni yetu, kazi hii ndiyo ya haki zaidi katika ugavi na ndiyo iliyolegea zaidi katika muundo. Kila mmoja amepata shamba lake, na mipaka inaonekana. Inadhihirika hapa kuwa kugawana kazi na kutunga pamoja ni mambo mawili tofauti.

Bendi ilivunjika tarehe 29 Februari 2012, siku irejeayo kila baada ya miaka 4, ikafufuka tarehe 1 Januari 2020 kwa safu ileile iliyoagana. Iwapo wengine wangekuwa wasindikizaji tu, Ringo, aliyeendelea kurekodi kwa jina lake katika kipindi hicho, hangekuwa na haja ya kuwarejea.

Sisi tuliolelewa na taarabu, ambamo mwandishi wa maneno, mtunga muziki na mwimbaji aghalabu ni watu watatu, hatuna udhuru wa kulisahau jambo hili. Mhakiki asiulize tu wimbo ni wa nani. Aulize pia ni nani alimbana nani, na kubanwa huko kulizaa nini.