Mamajusi na Manabii: Hadithi Moja Katika Vinywa Vitatu

Kila mwaka ifikapo Krismasi husomwa makanisani sura ya pili ya Injili ya Mathayo, nasi husikia habari za wageni waliotoka mashariki wakifuata nyota. Habari hii ni fupi, aya 12 tu, walakini watu hawakuacha kuisimulia upya na kuiongezea mambo kwa karne nyingi. Yafaa basi tupime masimulizi matatu ya hadithi hiyo moja, tuone kila msimulizi amefanya nini na wageni hao, na ni yupi aliyewatendea haki.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Asili ya neno majusi ni Uajemi, nalo limetufikia sisi kwa njia ya Kiarabu. Herodotus, Myunani aliyeandika karne ya 5 kabla ya Kristo, asema ya kuwa Mamajusi walikuwa kabila moja katika makabila sita ya Wamedi, na ya kuwa Waajemi hawakutoa sadaka pasipo Majusi kusimama karibu na kuimba. Hatimaye wakawa makuhani wa dini ya Zarathustra, ambaye Wayunani walimwita Zoroaster. Watu wa dini hiyo humwabudu Mungu mmoja mwenye hekima, jina lake Ahura Mazda, na huutunza moto mtakatifu usizimike. Watu wa pwani yetu waliwajua, maana Waparsi waliofika Unguja kutoka Uhindi zamani za masultani walikuwa wa dini hiyo hiyo, nao walijenga huko nyumba yao ya moto.

Lakini vinywani mwa Wayunani neno hilo lilikuwa na sura mbili. Lilikuwa kuhani wa Uajemi, na tena lilikuwa mpiga ramli na mchawi. Katika Matendo ya Mitume sura ya 13 yumo mtu aliyempinga Paulo kisiwani Kipro, na neno aliloitwa ni lile lile waliloitwa wageni wa Bethlehemu. Watafsiri wetu wamemwita yule mchawi, na hawa wamewaita mamajusi. Hatuwalaumu, maana kila mahali pana maana yake; walakini msomaji wa Kiswahili amekosa kitu. Myahudi wa kale aliyemsikia Mathayo alishtuka: watu wa nyota, waliokatazwa na Torati, ndio waliotangulia kumsujudia mfalme wa Wayahudi!

Sasa tumsikilize Mathayo. Yeye hasemi walikuwa watatu, wala hasemi walikuwa wafalme, wala hamtaji Zoroaster. Asema tu kwamba nyota iliwaleta. Lakini iliwaleta wapi? Iliwaleta Yerusalemu, nako siko alikozaliwa mtoto. Nyota haikuwatosha. Iliwabidi kuuliza, na jibu likatoka katika kitabu cha nabii Mika. Hapo Mathayo amefanya jambo la kuangaliwa sana. Mika asema kwamba Bethlehemu ni mji mdogo kati ya maelfu ya Yuda. Mathayo ageuza maneno, asema si mdogo kamwe. Hili si kosa la mtu asiyejua kunakili. Ni ufafanuzi wa mwalimu: mji uliokuwa mdogo umekwisha kuwa mkubwa kwa sababu ya mtoto huyu.

Tena yako maneno ya manabii ambayo Mathayo ameyanyamazia, ingawa ni mtu apendaye sana kuwataja. Balaamu, mwaguzi aliyeletwa kutoka milima ya mashariki, alitabiri nyota katika Yakobo. Isaya, sura ya 60, ataja ngamia, dhahabu na uvumba. Zaburi ya 72 yataja wafalme waletao zawadi. Mathayo hayataji hata moja. Ni wasomaji wa baadaye waliosikia mwangwi wa maneno hayo, wakawavika wageni taji na kuwapandisha ngamia. Yeye amekaza jicho lake penginepo, nalo ni jambo kali. Makuhani na waandishi walilijua jibu mara moja, wala hawakuinuka. Toka Yerusalemu hata Bethlehemu ni kama maili sita tu. Waliokuwa na kitabu walikaa; wasiokuwa na kitabu walikwenda. Wahenga wetu husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini Yerusalemu ulimwona mgeni, ukafadhaika.

Simulizi la pili limo katika kitabu kiitwacho Injili ya Kiarabu ya Utoto. Si kitabu cha Biblia. Kilichapishwa Ulaya mara ya kwanza mwaka 1697 na Henry Sike huko Utrecht. Humo tunaambiwa waziwazi kwamba Mamajusi walikuja kama alivyotabiri Zoroaster. Mariamu akawapa kitambaa kimoja cha kumvika mtoto, nao wakakichukua kwao, wakawasha moto kwa desturi yao, wakakitupa ndani. Moto ulipozimika, wakakikuta kizima kama hakikuguswa. Wakakibusu, wakakiweka katika hazina zao.

Hadithi hii ina utamu wake, wala hatuwezi kuidharau. Msimulizi hakuwatukana Waajemi. Ameuacha moto wao wenyewe ushuhudie. Lakini tazameni alilolipoteza. Katika kitabu hiki Herode huwauliza makuhani mahali pa kuzaliwa Kristo baada ya wageni kwisha kuondoka. Kwa hiyo Mika hawasaidii tena. Wamemkuta mtoto bila kumwuliza mtu. Wayahudi wana nabii wao, Waajemi wana wao, na hakuna amhitajiye mwenziwe. Ule mkutano wa nyota na kitabu, ambao ndio moyo wa Mathayo, umeondoka.

Simulizi la tatu ni la Sulemani, askofu wa Basra, aliyeandika kwa Kisiria katika karne ya 13 Kitabu cha Nyuki. Budge alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1886. Askofu huyu amweka Zoroaster kando ya chemchemi ya maji, akiwaambia wanafunzi wake habari za mtoto atakayechukuliwa mimba na bikira, na za nyota itakayoonekana. Kisha aongeza kwamba huyu Zoroaster ndiye Baruku, mwandishi wa Yeremia! Hapo kalamu imeteleza. Askofu aliona haya kwamba mtu wa mataifa aseme kweli, akamgeuza kuwa Mwebrania. Kwa mkono mmoja amempa Mwajemi heshima, na kwa mkono wa pili amemnyang'anya.

Wako wasemao siku hizi kwamba Mathayo alichukua hadithi yake kwa Waajemi, kwa kuwa nao hungoja mwokozi, Saoshyant, atakayezaliwa na mwanamwali kutokana na mbegu ya Zarathustra iliyohifadhiwa ziwani. Tungoje kidogo. Ziwa hilo limetajwa katika Avesta, kitabu chao cha kale, basi hatuwezi kusema kwamba wamewaiga Wakristo tu. Lakini hadithi yenyewe kwa urefu wake imo katika vitabu vya Kipahlavi, na vingi vya hivyo viliandikwa karne ya 9 baada ya Kristo. Na katika Mathayo hakuna ziwa, hakuna moto, wala jina la Zarathustra. Mataifa mawili yaweza kungoja mapambazuko pasipo kuibiana jogoo.

Kati ya hawa watatu, nampa Mathayo nafasi ya kwanza. Hakuwafanya wageni kuwa Wayahudi, wala hakuifanya nyota yao kuwa Torati. Amewaacha walivyo, akaonyesha kwamba hekima yao iliwafikisha mbali kweli, wakabakiwa na maili sita ambazo iliwapasa kuulizia njia. Hili latuhusu sisi ambao wazee wetu walimjua Mungu kwa jina lake kabla kitabu hakijafika. Wako waiitao hekima yote ya wazee uchawi, na wako waigeuzao yote kuwa Biblia iliyofichika. Mathayo hakufanya hivi wala vile.

Basi, walimu mtayarishao mchezo wa Krismasi, wavikeni watoto taji mkipenda, maana ni desturi ya kale. Lakini msiwasahau waandishi. Wawekeni jukwaani wameketi, vitabu mikononi, nao wabaki wameketi mpaka mwisho wa mchezo, watu wote wawaone.