Ngurumo ya Duma

Neno jazi liliingia pwani zamani, likavaa kanzu ya wenyeji. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, na nyingi zilizofuata jina hilo, zilipiga dansi kwa namna yao zenyewe. Kwa hiyo mwanachuo mmoja hapa Kilifi aliponiletea muziki wa vijana wa Nairobi waitwao Duma, akidai kuwa ni ndugu wa jazi, sikumkatalia kwa jina. Nilimkatalia kwa masikio. Nilisema ni kelele tupu, nikamrudishia simu yake kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Hukumu ile ilikuwa ya pupa, nami sina budi kuikata upya.

Duma walikuwa wawili: Martin Kanja, mwimbaji, na Sam Karugu, mpiga gitaa na mtunga midundo. Albamu yao, yenye jina hilohilo, ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili humwaza mnyama hodari wa mbio. Wenyewe walikusudia giza, kwa neno la Kikikuyu. Maana zote mbili zafaa. Mashine hupiga ngoma kwa mwendo usiowezekana kwa mikono ya mwanadamu, na juu yake Kanja hupaza mayowe kama mtu aliyefungiwa kisimani.

Ndugu wa damu wa jazi, katika jamii hii ya muziki, yuko Marekani. John Zorn, mpiga saksafoni wa New York, aliunda kundi la Naked City, na albamu yao ya mwaka 1990 yagonganisha jazi na metali kali. Lakini Zorn huandaa sinia: pande la jazi, pande la mayowe, kila moja limekatwa kwa kisu. Duma hupika chungu kimoja, hata huwezi tena kutenga mchele na tui. Upishi huu naona ni mgumu zaidi, ijapokuwa ule wa Zorn hufurahisha upesi.

Kilichonigeuza ni kayamba. Aliyewahi kukesha katika ngoma ya pepo ya Wagiriama, bara ya Malindi, ajua kwamba mchakacho ule, ukirudiwa usiku kucha, hautakiwi uwe mtamu. Watakiwa uwe na nguvu za kumtikisa mgonjwa mpaka kilichomo kiseme. Nilipowasikiliza Duma kwa sikio hilo, mayowe yakaacha kuwa matusi, yakawa maombi.

Kasoro ipo, tena kubwa. Mganga ajua saa ya kunyamazisha kayamba ili jibu lisikike. Duma hawanyamazi vya kutosha, na maneno yao humezwa. Asiyeshika hata neno moja atajuaje kilio ni cha nini? Mwaka 2024 Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept bila Karugu. Swali langu ni lilelile.

Mwanachuo yule sasa ataka niicheze albamu ya Duma darasani. Nitaicheza, lakini kayamba itatangulia.