Uhakiki wa Istilahi: Kioo cha Kuchezea Gemu za Zamani

Istilahi hupimwa kwa kazi. Neno laweza kupendeza katika orodha, likapitishwa na kamati, kisha likamwacha mtumiaji njia panda siku anapolihitaji. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno tuliyo nayo kwa ajili ya kile kinachoonyesha picha za kielektroniki, yaani kioo, kiwambo, skrini, monita na runinga. Tutayapeleka mahali pagumu kidogo: kwa mtu anayetaka kuchagua chombo cha kuchezea gemu za zamani, zile za mashine za sarafu na za majumbani zilizotoka baina ya miaka ya 1970 na 1990. Wapo watakaosema kuwa huo ni mchezo wa vijana usiostahili kurasa hizi. Sikubaliani nao. Gemu hizo sasa zinahifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na kwa wazihifadhio, kuchagua skrini ni kuchagua baina ya kuiona kazi kama ilivyotengenezwa na kuiona imeharibika. Neno lisiloweza kueleza tofauti hiyo lina kasoro, na kasoro hiyo, kama tutakavyoona, humfuata mfasiri hadi kwenye nyaraka za serikali.

Tuanze na jambo lenyewe kabla ya majina. Ndani ya televisheni ya zamani mna neli kubwa ya kioo isiyo na hewa. Kutoka nyuma ya neli hutoka mwale wa elektroni unaopiga unga uliopakwa ndani ya uso wa kioo, na unga huo ukapigwa hung'aa. Mwale huanza pembe ya juu kushoto, huenda kulia, hurudi, hushuka kidogo, huenda tena, mpaka ufike chini. Kisha huanza upya. Japani na Marekani ulifanya safari hiyo mara 60 kwa sekunde, na katika mfumo wa PAL, uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya na katika nchi zetu za Afrika Mashariki, mara 50. Skrini bapa za leo hazina mwale wala safari ya namna hiyo. Ni nukta zilizopangwa safu kwa safu; idadi yake haibadiliki, na kila nukta hushika rangi yake mpaka iamriwe kuibadili.

Gemu za zamani zilibuniwa kwa ajili ya mwale. Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 ilitoa picha ya nukta 256 kwa 240 tu, nayo iliurudisha mwale juu ya mistari ile ile katika kila safari, hivyo nafasi zilizo baina ya mistari zikabaki gizani. Macho ya wachezaji yakazoea michirizi hiyo myembamba, na wachoraji wakaitegemea. Mfano mzuri ni gemu ya Sonic the Hedgehog ya kampuni ya Sega, ya mwaka 1991. Maporomoko ya maji ndani yake yamechorwa kwa mistari ya wima inayopishana na nafasi tupu. Ishara ya picha ilipopita katika waya mmoja wa kawaida kuingia katika televisheni, rangi zilivujiana, na mtazamaji akaona maji angavu yanayopitisha mandhari ya nyuma. Ukiiweka picha hiyo hiyo katika skrini bapa yenye ukali, maji hutoweka. Hubaki uzio wa fito.

Kuna mfano mkali zaidi. Duck Hunt, gemu ya mwaka 1984, huchezwa kwa bunduki ya plastiki. Bunduki hiyo haitoi kitu chochote; inapokea. Mchezaji akivuta kifyatulio, skrini nzima huwa nyeusi kwa kitambo kisichotambulika kwa jicho, kisha mahali alipo bata hutokea mraba mweupe. Bunduki ikiuona weupe huo kwa wakati wake, bata ameanguka. Televisheni bapa kwa kawaida huipokea picha, huihifadhi, huikuza na kuitengeneza ndipo iionyeshe, na kuchelewa huko kunatosha kuifanya bunduki ya asili isifanye kazi kabisa. Mnunuzi aliyeambiwa tu kwamba atafute “skrini nzuri” atarudi nyumbani na chombo cha ghali ambacho bata hafi.

Sasa tuyatazame maneno.

Kiwambo ni neno lenye asili njema, linatokana na kuwamba. Ngozi huwambwa juu ya ngoma. Nguo huwambwa ukutani nayo ikapokea mwanga wa sinema. Kwa nguo ya sinema neno hili halina mpinzani. Lakini linabeba wazo la kitu kilichotandazwa kinachoangaziwa kutoka mbele, hali neli huangaza kutoka ndani. Kioo nalo ni neno la watu, na lina haki yake, isipokuwa limelemewa: ni cha dirisha, cha kujitazamia, cha saa, na cha simu iliyoanguka. Katika kitabu cha maelekezo kimoja nilichokipitia, kioo kimetajwa mara tatu katika ukurasa mmoja kwa maana tatu. Monita limekuja na kompyuta, na mwalimu yeyote atakueleza kwa nini darasani huleta kicheko: monita ni yule mwanafunzi anayeandika majina ya wapiga kelele.

Runinga, neno linalohusishwa na marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, ni jina la huduma nzima ya kupokea matangazo. Hapo ndipo lisipotufaa. Chombo kilichomo ndani ya mashine ya sarafu hakipokei matangazo yoyote. Hupewa rangi tatu, nyekundu, kijani na samawati, kila moja kwa waya wake, moja kwa moja kutoka kwenye mtambo. Kukiita runinga ni kumwambia fundi atafute kilichokosekana.

Wakati sisi tukijadiliana, watu wa mitaani Tanzania walikwisha kutaja. Televisheni za zamani wanaziita televisheni za chogo. Nalisifu neno hili bila kusita. Kichwa chenye chogo kila mtu amekiona. Ukilisikia mara moja huhitaji fasili, na limezaliwa wakati hasa lilipohitajika, yaani zilipofika zile bapa. Kulinganisha chogo na “neli ya miali ya kathodi” ni kulinganisha mtu na cheti chake cha kuzaliwa. Napendekeza lisanifishwe kama lilivyo.

Hata hivyo, chogo ni jina la umbo, na umbo halimalizi habari. Baadhi ya televisheni za mwisho za chogo zilizouzwa Ulaya ziliongezwa mitambo ya kuihifadhi picha na kuionyesha mara 100 kwa sekunde. Chogo zinalo, lakini huichelewesha picha, na bunduki yetu haizitambui. Tena kuna chogo za namna nyingine kabisa: katika Asteroids ya Atari ya mwaka 1979, na katika Vectrex, mashine ya nyumbani ya mwaka 1982 iliyokuja na kioo chake, mwale haupiti mstari kwa mstari. Huenda moja kwa moja mahali panapotakiwa na kuchora umbo kama mkono wenye kalamu. Ukitaka kucheza Asteroids kwa uaminifu, chogo ya kawaida haitoshi.

Hapa Kiswahili kina nguvu ambayo hatujaitumia, nayo ni kitenzi. Badala ya kutafuta nomino tatu ngeni, tuseme skrini ya kuchora, skrini ya kufagia na skrini ya nukta. Ya kwanza mwale huchora. Ya pili mwale hufagia uso wote bila kubagua. Ya tatu haina mwale. Kila safari ya kufagia tuiite mpito, na kasi yake tuitaje kwa mipito kwa sekunde. Mfasiri anayefuata kamusi neno kwa neno atafika kwenye “kiwango cha kuburudisha”, na msomaji atadhani kioo kinapewa soda.

Kwa maneno hayo ushauri kwa mchaguaji huandikika kwa mistari michache. Mwenye nafasi na nguvu za kubeba, na mwenye gemu za bunduki, atafute ya kufagia isiyohifadhi picha. Atainunua iliyokwisha kutumika, kwa maana hata Sony, walioanza kuuza Trinitron mwaka 1968, waliiacha mwaka 2008. Asiyeweza achukue ya nukta, ila ahesabu. Mistari 240 ikikuzwa mara 9 huwa 2160, sawasawa na urefu wa wima wa skrini za leo za daraja la juu. Lakini katika skrini ya mistari 1080 hugawanyika mara 4 na nusu, na ile nusu ndiyo inayovuruga nukta, baadhi zikawa nene na nyingine nyembamba. Aiwashe pia ile hali ya gemu inayopunguza kuchelewa.

Nirejee kwenye nyaraka za serikali. Kioo cha televisheni ya chogo kina madini ya risasi. Skrini bapa za mwanzo ziliangazwa kwa vineli vyenye zebaki. Kanuni ya taka inayosema “skrini chakavu” tu inazichanganya sumu mbili zinazotaka mikono miwili tofauti. Tena neli ya rangi hufanya kazi kwa volti 20,000 na zaidi, na yaweza kubaki na umeme hatari hata baada ya kung'olewa ukutani. Onyo la “usifungue kioo” halimwambii fundi mwanagenzi chochote. “Usiguse ndani ya chogo” linamwambia.

Limebaki suala la mkao. Pac-Man ya mwaka 1980 ina nukta 224 kwa upana na 288 kwa kimo, kwa sababu ndani ya sanduku lake neli iliwekwa kwa ubavu. Wajapani wana neno lao fupi kwa mkao huo. Kwetu baadhi ya watafsiri wameanza kuandika “mwelekeo wa picha ya mtu”, wakifuata lugha ya wapiga picha. Skrini iliyosimamishwa na skrini iliyolazwa yangetosha, na seremala anayetengeneza sanduku hilo angeyaelewa bila kuuliza.