Nyumba ya Mitambo

Anayepiga simu Bariadi leo hutumia mnara wa chuma, na chini yake kuna uzio, kabati na pengine jenereta. Hakuna nyumba pale, wala kazi ya msanifu. Lakini kati ya vita vikuu viwili simu ilikuwa na nyumba yake hasa, na waliosanifu nyumba hizo wanastahili sifa ambayo wapita njia hawakuwapa.

Huku Simiyu waya wa enzi hiyo ulifuata reli. Njia ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, inapita Malampaka wilayani Maswa. Reli ni moja, treni zinatoka pande zote mbili, hivyo stesheni masta hana ruhusa ya kuachia treni mpaka stesheni inayofuata imjibu kwamba njia ni nyeupe. Chumba kimoja na dawati vilitosha kwa kazi hiyo.

London haikutosheka na chumba kimoja. Mwaka 1927 kituo cha Holborn kilianza kuunganisha simu bila opareta, kwa mitambo ya Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City aliyepata hataza yake mwaka 1891. Mkono mdogo wa chuma hupanda ngazi hadi kumi, kisha huzunguka hatua hadi kumi: mahali mia pa kugusa, kwa mkono mmoja tu. Sasa fikiria mikono hiyo kwa maelfu, imepangwa kwenye fremu ndefu kuliko mtu, inagonga mchana kutwa.

Msanifu alianza na uzito huo. Nyaya zilizovikwa risasi ziliingia chini ya ardhi na kupanda juu kwa mafungu. Betri nzito za tindikali zilitaka chumba chao chenye hewa. Sakafu ilibidi ibebe fremu bila kutikisika. Palipobaki opareta wa swichibodi, walihitaji mwanga mwingi wa kuonea matundu na waya zao, ndiyo maana madirisha ni marefu na dari ziko juu. Walitengewa pia mahali pa kula na kupumzika. Kisha yote hayo yakafunikwa kwa ukuta wa matofali uliotulia, mtu akadhani ni benki. Wapo wanaouita ukuta huo uongo. Mwandishi huyu anauona kuwa ni adabu: mtambo unapiga kelele ndani, mtaa unabaki na utulivu wake.

Adabu hiyo ilipungua kwa Faraday Building, jengo lililosanifiwa na A. R. Myers na kufunguliwa mwaka 1933 kwa simu za kimataifa. Ukitazama juu ya madirisha yake utaona simu iliyochongwa kwenye jiwe, mkonga na yote. Uchongaji ni wa kupendeza. Urefu ndio uliokera. Jengo liliziba sura ya kanisa la St Paul's kutoka mtoni, na jiji likaweka kanuni ya urefu wa majengo ambayo bado inafanya kazi.

Mitambo ya mwisho ya Strowger nchini Uingereza ilizimwa mwaka 1995. Iliyochukua nafasi yake inakaa kwenye kona ya ukumbi, na baadhi ya majengo yamegeuzwa makazi, kwani nani atakataa dari ya juu na dirisha refu? Malampaka nayo imo kwenye njia ya reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341. Vyumba vya mitambo ya reli hiyo vitataka kiyoyozi kuliko dirisha, na msanifu wake ana joto na vumbi la Usukuma la kupigia hesabu.