Shosho wa Karura na Kazi Isiyopigwa Picha

Basi la shule likisimama langoni mwa msitu wa Karura, kinachoshuka kwanza ni kelele. Ni watoto wa gredi ya nne kutoka Mathare. Wamezaliwa na kukulia kilomita chache tu kutoka hapa na wengi wao hawajawahi kuingia. Mlinzi hukunja uso. Mwalimu hutafuta filimbi mfukoni. Mama mmoja mwenye viatu vya mpira na kofia ya kufuma, ambaye watoto humwita Shosho kabla hata hawajaambiwa jina lake, hawanyamazishi. Huwaacha wapige kelele mpaka hamu iwaishe, kisha huuliza: "Kwenu nani hupikia makaa?" Mikono huinuka. "Na kuni?" Mingine huinuka. "Basi hamkuja ugenini. Msitu mnaujua kwa moshi wake. Leo mtauona ukiwa hai."

Wanaotoka Runda, ng'ambo ya ua, hawaulizi habari za makaa. Wao huwauliza nani amewahi kushtuliwa usiku na komba akilia juu ya paa, na mikono huinuka vilevile. Kila kundi lina mlango wake, na yeye huutafuta kabla hajasema neno lolote kuhusu miti.

Kwenye barua za kikundi chake yeye ni mratibu wa elimu ya mazingira kwa jamii. Mtaani ni "yule wa kutembeza watoto", na wasemao hivyo hawakusudii kumsifu. Mimi nakusudia. Nimewaona mafundi wengi wa mikono jijini Nairobi, wachonga mawe, washona viatu, mafundi wa saa pale River Road, na sioni sababu ya kumweka huyu mama nyuma yao. Tofauti ni kwamba kazi ya mikono yake haionekani ikiisha. Humwendea mtoto mgeni na msitu mgeni, akawaacha wanajuana.

Mti anaoupenda kuliko yote ni muthiga. Hawaambii watoto jina lake. Huinama, akaokota jani lililoanguka lakini bado lina maji, akalikata kwa kucha vipande vidogo kama vya kumpa kifaranga, akampa kila mtoto chake. "Tafuneni polepole. Msimeze." Kwanza hakuna kitu, ni ladha ya jani tu. Kisha pilipili inaanza nyuma ya ulimi na kupanda. Mmoja hutema, mwingine hucheka machozi yakimtoka, wa tatu hujifanya shujaa na kuomba kipande kingine. Katikati ya vurugu hiyo, karibu kila mara, kuna mtoto mmoja anayetulia, akatafuna, akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo anaijua: nyumbani bibi yake huichemsha mtoto akikohoa.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Mtu mwingine angempongeza mtoto huyo na kuendelea na hotuba. Shosho hunyamaza na kumwachia uwanja. "Enhe, hebu tuambie. Anachemsha majani au gome? Anaweka nini tena?" Na mtoto ambaye darasani pengine hukaa nyuma, ambaye Kiingereza humshinda, anasimama mbele ya wenzake kama daktari na kueleza dawa ya bibi yake. Kuanzia hapo yeye ndiye anayetangulia njiani. Jina la mti hutajwa mwisho, na akitajiwa mtoto aliyekwisha kuungua ulimi, halimtoki tena.

Kisha huwapeleka kwenye muthiga mwingine hatua chache mbele. Huo umekauka. Mtu aliuchuna gome kuuzunguka shina lote, toka kiunoni hadi kifuani, akaenda kuuza dawa. "Shikeni koo zenu," Shosho huwaambia. Wanashika. "Mkimeza mate mnasikia kitu kinapita? Chakula cha mti kinapita hapa, chini ya gome. Aliyechuna kidogo upande mmoja, mti ulipona. Huyu alizungusha." Hasemi zaidi. Watoto hubaki wameshika koo zao, wakiutazama mti mkavu, na sijawahi kuona kundi ambalo halikunyamaza pale. Huo ndio unyamavu ambao mwalimu alikuwa akiutafutia filimbi.

Hayo ni ya kuonekana. Kazi yenyewe hasa hufanyika siku zile ambazo hakuna basi. Kuna mwalimu mkuu ambaye hapokei simu, na akipokea huuliza cheti gani kitatolewa. Kuna barua za ruhusa ambazo nusu hurudi bila sahihi kwa sababu mzazi aliiona nauli akaiweka barua chini ya sinia. Kuna mvua. Kuna baraza la chifu, ambako huketi tangu saa tatu akisubiri zamu yake, baada ya usalama, baada ya basari, baada ya kesi ya mtaro, na ikifika watu wameshaanza kukung'uta nguo ili waondoke. Husimama hivyo hivyo. Hasomi karatasi. Huuliza nani amepandishiwa bei ya kuni wiki hii, na walioanza kuondoka hurudi kuketi.

Akina mama wa vijiji vilivyopakana na msitu waliokota kuni Karura kabla ya kuwapo ua wowote, na kabla ya yeye kupewa kazi hii. Angewahubiria faida za hewa safi wangemsikiliza kwa adabu, kisha kesho yake wangeingia na panga. Yeye alianza kwa kukaa nao kwenye mzigo na kutaka kujua ni mti gani unawaka vizuri, upi unatoa moshi wa kuumiza macho, wapi matawi makavu huanguka kwa wingi baada ya upepo. Wakamfundisha. Leo baadhi yao ndio humpigia simu wakisikia msumeno mahali usipotarajiwa. Wapo pia vijana ambao walivijua vichochoro vya msitu kwa sababu ambazo si vizuri kuzitaja gazetini. Miongoni mwao kuna wanaotembeza wageni leo, na wanajua njia kuliko ramani yoyote iliyobandikwa langoni.

Husemwa kwamba Karura iliokolewa na Wangari Maathai, na ni kweli. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda langoni na miche mkononi, wakati vipande vya msitu vilipokuwa vimekwisha kugawiwa watu, yeye na wenzake wakapigwa na genge la walinzi. Alipofika kituo cha polisi alitia alama kwenye maelezo yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka kichwani. Hilo hukumbukwa, na lina haki ya kukumbukwa. Kinachosahaulika ni miaka ya kabla yake. Green Belt Movement ilianzishwa mwaka 1977, na muda mwingi kati ya hapo na siku ile ya lango ulikwenda katika kuketi na wanawake vijijini, kitalu kwa kitalu, na kuwauliza shida zao zinatoka wapi. Wanafunzi wa vyuo vikuu walipoingia barabarani kwa ajili ya Karura mwanzoni mwa mwaka ule, walikwisha kuambiwa na mtu kwamba msitu huo ni wao. Mtu huyo hakupigwa picha.

Nairobi iliwahi kuwa na watu wengi wa aina hiyo. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule za sekondari walianzisha Wildlife Clubs of Kenya, na kwa miaka mingi jarida lao, Komba, lilipita mkono kwa mkono mabwenini hadi kurasa zake zikalegea kama kitambaa. Tangu 1971 Fleur Ng'weno amekuwa akiongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia makumbusho ya taifa. Si warsha wala kongamano, ni kutembea na kutazama tu, na asiyejua kutofautisha kunguru na mwewe hupokewa sawasawa na profesa. Nusu karne ya Jumatano! Nani kati yetu amefanya jambo moja jema kwa muda huo bila kutaka liitwe mradi?

Hata miti yenyewe ilikuwa ikitusaidia. Bustani ya miti ya Arboretum ilipandwa kuanzia mwaka 1907, reli ikitafuta mti wa kuchoma katika injini zake, na mashina mengi yalipigiliwa vibao vya majina. Nilipokuwa kijana tulikwenda pale Jumapili, na mchezo wetu ulikuwa kufunika kibao kwa kiganja na kumwuliza mwenzako mti gani. Vibao vingi vya siku zile havisomeki tena. Vingine mti wenyewe umevimeza, gome limekua juu yake likaacha pembe moja ya bati ikichungulia. Vipya vikiwekwa huibiwa, bati lina bei. Siwalaumu sana wezi wa bati. Nawashangaa zaidi wanaopita pale wakikimbia na vidude masikioni, wanaojua kila asubuhi wamepiga hatua ngapi na hawajui wamepita chini ya nini.

Siku hizi tunapenda miti kwa namna nyingine. Serikali imetangaza miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya taifa zima ya kupanda. Sina neno na kupanda. Lakini nimezihudhuria hafla hizi na nazijua zinavyokwenda: hema, spika, fulana za rangi moja zenye nembo kubwa kuliko mche, mgeni wa heshima anayechelewa, na mashimo ambayo mtu mwingine aliyachimba jana yake. Miche hushushwa shimoni na mifuko yake ya plastiki, kwa haraka ya picha. Mgeni wa heshima akishatia udongo koleo moja, watu huhamia kwenye soda. Ukipita Februari, jua likiwa limekaza, utakuta vijiti vimesimama kwa mstari ulionyooka.

Shuleni nako tumepata njia yetu. Mtaala wa umilisi ulikusudiwa kumtoa mtoto darasani ashike mambo kwa mikono. Kwa hiyo mwalimu huagiza kila mmoja alete picha za miti mitano, na saa mbili usiku mzazi anakimbia saiba kuchapisha picha za rangi kabla hawajafunga. Nje ya saiba hiyohiyo pamesimama mjakaranda umemwaga maua yake ya zambarau mpaka kwenye ngazi. Wanayakanyaga wakiingia. Mtoto hupata alama zake, na picha hugundishwa daftarini chini ya kichwa kilichopigiwa mstari: Mazingira Yangu.

Wafadhili nao wana fomu. Shosho hunionyesha fomu yao huku akicheka, ingawa si cheko la furaha. Safu moja inauliza idadi ya miche, nyingine idadi ya "watu waliofikiwa", na hana budi kujaza namba. Mtoto aliyekuwa hasemi darasani na akawatangulia wenzake njiani kwa sababu bibi yake huchemsha muthiga anahesabika humo kama mmoja, sawa na aliyelala ndani ya basi. Fedha za miche hupatikana. Za nauli ya kwenda kwenye baraza hazina safu.

Anazeeka, na kupanda kutoka kwenye mapango ya msituni sasa humtaka asimame mara mbili. Vijana huja kwake kujifunza, huvumilia msimu mmoja, kisha hupata kazi ofisini ya kuandika mipango kuhusu misitu, yenye mshahara. Siwalaumu, wana kodi ya nyumba. Lakini kile anachokijua yeye hakimo katika mipango hiyo. Hakuna aliyeandika kwamba watoto wa mahali fulani waanzishiwe kwa makaa na wa mahali fulani kwa komba, wala kwamba jina la mti litajwe mwisho.

Kwa hiyo ninaomba machache. Mwalimu mkuu unayesoma haya, usimletee Shosho watoto mia mbili siku moja ili gharama ya mabasi ilingane. Mletee thelathini, wenye viatu vya kuchafuka, na mizigo ya picha na mabango iache shuleni. Piga simu mapema, na akikuuliza watoto wako wanatoka mtaa gani, mjibu kwa ukamilifu. Wewe uliye katika kamati ya kampuni, mwaka huu mkifika kwenye bajeti ya fulana za siku ya kupanda miti, ifuteni. Fedha hizo zinatosha kumlipa msaidizi mmoja wa kutembea naye kila siku mpaka ajifunze. Kwa sasa hana hata mmoja.